Jinsi ya kufundisha historia ya fasihi ya Kiswahili wanawake wakiwamo: mwongozo kamili kwa walimu wa Dar es Salaam

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa Kiswahili wa sekondari mwenye madarasa makubwa, vipindi vichache na maktaba ya shule ambayo ufunguo wake anao mtu mmoja tu. Anayeendesha kikundi cha kusoma Sinza, Mbagala au Kigamboni naye ataufuata bila shida, maana yeye hana hata mtihani wa kumkimbiza. Kazi yenyewe inaingia kwenye muhula mmoja, vipindi sita hadi vinane, na hauhitaji kibali cha mtu kubadili muhtasari wa somo. Mada ya maendeleo ya fasihi tayari imo. Unachobadilisha ni nani anatajwa, anatajwa lini, na wanafunzi wanaulizwa nini kumhusu.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kipindi kimoja cha "waandishi wanawake" kinachowekwa mwishoni mwa muhula, baada ya Shaaban Robert, Kezilahabi na Ebrahim Hussein kumalizwa, kina hasara kuliko faida. Mwanafunzi anatoka akiamini kwamba wanawake walifika wakati shughuli imekwisha. Ni afadhali kumweka mwanamke mmoja mahali pake pa kweli kwenye kalenda kuliko kuwarundika kumi pembeni.

Hatua ya kwanza: Hesabuni majina ya kwenye majalada

Anza na vitabu vilivyo mikononi mwa wanafunzi. Kwa miaka mingi kidato cha tatu na cha nne wamesoma Takadini, Watoto wa Mama N'tilie na Joka la Mdimu kwa upande wa riwaya. Orodha, Ngoswe na Kilio Chetu kwa tamthiliya. Wasakatonge, Malenga Wapya na Mashairi ya Chekacheka kwa ushairi. Waambie wasome majina ya watunzi kwa sauti. Kilio Chetu kimetoka kwa jina la taasisi, Medical Aid Foundation. Malenga Wapya ni diwani ya watunzi wengi iliyotokana na TAKILUKI, Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni ya Zanzibar. Vilivyobaki ni vya wanaume. Kwenye orodha hiyo hakuna jalada hata moja lenye jina la mwanamke.

Kidato cha tano na sita hali imekuwa afadhali kidogo. Nguzo Mama ya Penina Muhando imekuwapo, ikizungukwa na Kwenye Ukingo wa Thim, Kivuli Kinaishi, Morani, Vuta n'kuvute, Usiku Utakapokwisha, Mfadhili, Kimbunga, Chungu Tamu, Fungate ya Uhuru na Mapenzi Bora. Kitabu kimoja kati ya hivyo kumi na kimoja.

Mtaala ukiboreshwa orodha hubadilika, kwa hiyo hesabuni ile ya mwaka wenu, kama ilivyotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Waache wanafunzi wahesabu wenyewe na kuandika matokeo kwenye daftari kwa tanzu: ushairi, riwaya, tamthiliya. Usiwaeleze sababu bado. Mwanafunzi aliyejihesabia mwenyewe habishani na namba, ila ukimpa wewe ataona unamletea kampeni.

Hatua ya pili: Tenganisha aliyeandikwa na aliyeandika

Hapa ndipo walimu wengi tunapokwama, na mtihani unatusaidia kukwama. Swali la "Jadili nafasi ya mwanamke katika jamii kwa kutumia tamthiliya mbili ulizosoma" tunalijua kama tunavyoijua njia ya kurudi nyumbani. Mwanafunzi anamtaja Furaha wa Orodha, anamtaja Mazoea wa Ngoswe, anaandika mwanamke kama mlezi, mwanamke kama chombo cha starehe, mwanamke kama mpenda mabadiliko, na alama anazipata. Amezungumzia wanawake kurasa tatu bila kufungua kitabu hata kimoja kilichoandikwa na mwanamke.

Chora safu mbili ubaoni. Ya kwanza iite "Mwanamke ndani ya kitabu", ya pili "Mwanamke juu ya jalada". Wanafunzi wajaze kwa kumbukumbu zao. Safu ya kwanza itajaa hadi ubao uishe, ya pili itasuasua. Ziache safu hizo kwenye karatasi kubwa ya manila, ibandikwe ukutani, na kila wiki mrudi kuijaza ile ya pili.

Mjadala huu si mgeni mjini kwetu. F.E.M.K. Senkoro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha mwaka 1982 kitabu kizima kuhusu jinsi malaya anavyochorwa katika fasihi ya Afrika. Huo ni utafiti wa safu ya kwanza, na ni muhimu. Ila ukiishia hapo unakuwa umesoma macho ya wanaume tu, hata kama umeyasoma kwa ukali.

Angalizo: usiwaahidi wanafunzi kwamba safu ya pili itakuwa na wapigania haki watupu. Mwandishi wa kwanza mtakayemsoma atamwambia binti yake amtii mumewe.

Hatua ya tatu: Vitafute vitabu vyenyewe

Tenga Jumamosi mbili. Sehemu hii inachosha, lakini bila maandiko utabaki unasomesha majina, na historia ya fasihi iliyo majina matupu haina ladha kwa mtu yeyote.

Kabla ya kutoka nyumbani, andika majina yote aliyotumia kila mwandishi. Mwanamume akichapisha akiwa na miaka ishirini na mitano na tena akiwa na hamsini, jina ni lilelile. Mwanamke anaolewa, na rekodi inakatika katikati. Penina Muhando wa tamthiliya ndiye Penina Mlama wa vitabu vya kitaaluma. Ukitafuta jina moja unapata nusu ya kazi zake. Ndyanao Balisidya, mwandishi wa riwaya ya Shida ya mwaka 1975, ndiye May Balisidya, na kwenye makala nyingine yumo kama Matteru. Anayetafuta haraka atadhani ni watu watatu, kila mmoja ameandika kidogo. Kuna na tatizo la herufi za mwanzo. Z. Burhani aliyetunga Mali ya Maskini (1981) na Mwisho wa Kosa (1987) ni Zainab, lakini wapo waliosoma riwaya zile mbili mpaka mwisho wakimdhania mwanamume.

Anzia Maktaba Kuu ya Taifa. Ipo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na jina hilo ni somo tosha njiani kama unakwenda na wanafunzi: mzaliwa wa jiji hili, mwaka 1926, mwimbaji wa vikundi vya ngoma vya kina mama kabla ya kuwa sauti ya wanawake wa TANU. Simulizi za wanawake hao wa TANU, yeye akiwamo, zilikusanywa na Susan Geiger na kutolewa kitabu mwaka 1997. Ndani ya maktaba tafuta tamthiliya za Muhando kwa mfuatano: Hatia (1972), Tambueni Haki Zetu (1973), Heshima Yangu (1974), Pambo (1975), Talaka si Mke Wangu (1976), Nguzo Mama (1982), Lina Ubani (1984). Kila unachokikosa kiandike. Kukosekana kwake nako ni taarifa, utaitumia hatua ya nne.

Kituo cha pili ni maktaba ya Chuo Kikuu, Mlimani, kwenye mkusanyiko wa Afrika Mashariki. Nenda na barua ya utambulisho kutoka kwa mkuu wa shule na ukaulize utaratibu wa wasomaji wa nje. Usifike mikono mitupu ukitegemea ukarimu. Huko ndiko yalikowekwa maandiko ya kale ya Kiswahili, mengi yakiwa kwa hati ya Kiarabu, ambayo J.W.T. Allen aliyakusanya na kuyatolea katalogi mwaka 1970. Mwalimu wa kawaida hahitaji kuyagusa. Katalogi inatosha kukuonyesha kwamba fasihi yetu andishi ilikuwapo kabla ya mashine za kupiga chapa. Hukohuko omba Women Writing Africa, juzuu la Kanda ya Mashariki, la mwaka 2007. Limehaririwa na Amandina Lihamba, Fulata Moyo, Mugyabuso Mulokozi, Naomi Shitemi na Saïda Yahya-Othman, na linakusanya maandiko na simulizi za wanawake kutoka nchi kadhaa za kanda hii. Ni kitabu kinene cha Kiingereza, kwa hiyo kifanye dira yako wewe mwalimu, usiwape wanafunzi. Kama muda unakuruhusu kitabu kimoja tu Mlimani, chukua hicho.

Za kununua, pita duka la TPH (Tanzania Publishing House) pale Samora, kisha Soma Book Café, Mikocheni, iliyoanzishwa na Demere Kitunga. Huyu Kitunga na Elieshi Lema ndio waliounda kampuni ya uchapishaji ya E&D mwaka 1989, na herufi hizo mbili ni za majina yao ya kwanza. Waambie wanafunzi. Wengi hawajawahi kufikiri kwamba kuna mtu anayeamua kitabu gani kitoke, na kwamba mtu huyo anaweza kuwa mwanamke wa jijini kwao. Wauza vitabu vya mitumba nao usiwapite. Matoleo ya miaka ya 1970 yanaibukia pale, yamekatika jalada, kwa bei ya kuongea.

Kuhusu kutoa kopi: kurasa mbili tatu za kusomea darasani ndizo utakazohitaji. Usimpelekee mtu wa stashenari kitabu kizima. Tunafundisha kwamba wanawake hawa ni waandishi, na mwandishi hula kwa kitabu chake kununuliwa.

Hatua ya nne: Chora kalenda moja, wote wakae humo

Funga kamba ukutani au chora mstari mrefu ubaoni, kuanzia karne ya 19 hadi leo. Weka kwanza matukio ambayo wanafunzi wanayajua: kuja kwa ukoloni, Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, uhuru wa 1961, Azimio la Arusha la 1967. Kisha wapandishe waandishi, wanaume na wanawake, bila kuwatenga rangi wala upande.

Mwana Kupona binti Mshamu anasimama mwaka 1858, alipotunga utenzi wake wa mawaidha kwa binti yake. Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar, maarufu kwa jina la Emily Ruete, anasimama 1886, mwaka aliochapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Je, hiyo ni fasihi yetu? Lugha si yetu, lakini utoto unaosimuliwa ni wa Unguja, na mwandishi alijifunza kuandika kwa kificho. Waache wabishane dakika kumi, usiwape jibu. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, anasimama 1928, safari ya kurekodi santuri Bombay. Linganisha na Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909: siku ile Siti anasafiri, yeye alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, na baadaye ndiye aliyeandika wasifu wa Siti. Ukimweka Siti sura ya mwisho uhusiano huo haumwingii mwanafunzi kichwani.

Halafu unafika miaka ya 1970 na mstari unajaa ghafla. Hatia 1972. Mwaka 1975 peke yake unakupa Shida ya Balisidya, Pambo ya Muhando na Hana Hatia ya Martha Mvungi, aliyetoa pia Three Solid Stones kwa Kiingereza mwaka huohuo. Hawa ni kizazi cha kwanza cha wanawake waliopita Chuo Kikuu baada ya uhuru, wakati tanzu ya tamthiliya ya Kiswahili ilikuwa bado inatafuta miguu. Hawakuja kuongezea kwenye jengo lililokamilika. Hapa usipite haraka. Wafundishe sambamba na Ebrahim Hussein na Kezilahabi, kwa sababu walikuwa sambamba.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: kama 1975 kulikuwa na vyote hivyo, mbona havipo dukani? Ndipo unatoa ile karatasi ya vitabu ulivyovikosa. Miaka ya 1980 uchumi ulibana, karatasi ikawa adimu, mashirika ya uchapishaji yakayumba. Kitabu kisichokuwa kwenye orodha ya shule hakikuwa na sababu ya kibiashara ya kuchapishwa tena. Hivyo orodha ya vitabu teule haionyeshi tu kipi ni muhimu; inaamua kipi kitakuwa hai miaka thelathini baadaye. Pima mwenyewe kwa Nguzo Mama: imekaa kwenye orodha, na ndiyo tamthiliya ya Muhando ambayo mtu hahangaiki kuipata.

Baada ya hapo mstari unaendelea: Hawala ya Fedha ya Amandina Lihamba (1980) na Mkutano wa Pili wa Ndege (1992), TAMWA, chama cha wanahabari wanawake kilichoanza 1987, na jarida lake la Sauti ya Siti lililobeba jina la yule mwimbaji, Parched Earth ya Elieshi Lema (2001). Kutoka Kenya mnaweza kuchukua Mama Ee ya Ari Katini Mwachofi (1987), Nakuruto ya Clara Momanyi na Kigogo ya Pauline Kea. Karibu zaidi na leo ni tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell, ambapo Anna Samwel Manyanza alishinda mwaka 2015 kwa Penzi la Damu, na baadaye Zainab Alwi Baharoon kwa Mungu Hakopeshwi. Tangu 2023 ipo pia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Majina haya ya karibuni unaweza kuwapa wanafunzi wayatafute wenyewe kwa simu, ni kazi ya nyumbani inayofanyika.

Hatua ya tano: Kipindi cha Mwana Kupona, dakika kwa dakika

Nakieleza hiki kwa kirefu kwa sababu ndicho kigumu, na kikikaa sawa vingine vinajifuata. Unahitaji vipindi viwili vinavyofuatana, dakika 80, na karatasi moja kwa kila dawati.

Dakika 15 za kwanza toa ubeti mmoja, bila jina la utenzi wala la mtunzi:

*Ndoo mbee ujilisi*
*na wino na kartasi*
*moyoni nina hadithi*
*nimependa kukwambia*

Lahaja ni ya kaskazini, na nakala hutofautiana tahajia, kwa hiyo wasaidie: njoo mbele ukae, na wino na karatasi. Uliza ni nani anaambiwa alete wino. Darasa litasema mwanafunzi wa kiume, karani, mwana wa sheikh. Yaandike majibu yote. Kisha waambie: ni mama anamwambia binti yake, katika visiwa vya Lamu, katikati ya karne ya 19. Mama anatunga, binti anategemewa kuandika. Acha kimya kidogo, usikimbilie kueleza.

Dakika 25 zinazofuata ni za historia ya usomaji. Mwana Kupona alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, na alikuwa mgonjwa alipotunga. Utenzi una beti zipatazo mia moja: dini, adabu, usafi, namna ya kukaa na watu wa kila daraja, wajibu kwa mume, na dua ndefu kwa ajili ya jamaa na waumini. Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliutoa kwa Kiingereza na kuupa jina linalosema ni mawaidha juu ya wajibu wa mke. Jina hilo lilikata sehemu moja ya utenzi na kuifanya yote. Vizazi vya wahakiki vikausoma hivyo, wengine wakiusifu kwa utiifu, wengine wakiulaumu kwa utiifu huohuo. Mwaka 1991 Ann Biersteker aliuhoji usomaji ule na kuonyesha kwamba lugha ya utenzi ina hila na nguvu ambazo wasomaji wa mwanzo hawakuzitafuta. Waulize wanafunzi: wewe ungeupa jina gani? Wape dakika tano waandike.

Dakika 25 nyingine, gawa beti za mwisho. Mtunzi anawaita wanawake wote wasome. Anataja jina lake na kwao:

*Mwana Kupona Mshamu*
*Pate alikozaliwa*

Anataja na tarehe: mwaka 1275 wa Hijria. Kutaja jina na tarehe mwishoni ni desturi ya watunzi wa tenzi, na yeye aliifuata kama mtunzi yeyote anayejua thamani ya kazi yake. Wanafunzi wabadilishe mwaka huo kuwa wa Miladia. Mwalimu wa hisabati atafurahi. Kisha rudi kwenye zile beti za utiifu, uzisome bila kuzificha wala kuziombea radhi. Msichana mmoja atachukia, mvulana mmoja atashangilia. Wote waambie waonyeshe ubeti unaowaunga mkono. Asiyeonyesha ubeti ananyamaza. Kanuni hii inaokoa kipindi.

Dakika zilizobaki ni za kuandika aya moja: "Mwana Kupona alikuwa anaandika kwa ajili ya nani?" Kusanya, sahihisha hoja tu, usihesabu makosa ya tahajia safari hii.

Hatua ya sita: Siti, na swali la nani mtunzi

Hapa kipindi kimoja kinatosha. Siti hakuwahi kukaa kwenye dawati la shule. Nyimbo zake nyingi zilitoka ndani ya kikundi, na kikundi hicho kilikuwa na wanaume. Wasifu wake uliandikwa na Shaaban Robert, ambaye ana mizani yake ya maadili na anaipenda. Kwa hiyo tunayemsoma ni Siti au ni Shaaban? Cheza wimbo mmoja kwa simu na spika ndogo. Ule wa Kijiti unafaa, unaosimulia mauaji ya mwanamke na jinsi mtuhumiwa alivyoponyoka. Kisha soma ukurasa mmoja wa wasifu. Waulize ni lipi liko kwenye wimbo ambalo wasifu haulisemi kwa sauti ile.

Wengine watataka kuingiza misemo ya kanga kwenye mada hii. Sikatai, lakini msivuke mpaka. Aliyevaa kanga na kuichagua kwa makusudi ni msemaji, hilo halina ubishi. Aliyetunga maneno yale mara nyingi ni mfanyabiashara au mtu asiyejulikana. Ukimwambia mwanafunzi kwamba kanga ni "maandishi ya wanawake" bila kueleza hilo, unamfundisha ulegevu.

Kwa kikundi chenye muda zaidi kuna Wanawake Watatu wa Kiswahili (1991), masimulizi ya maisha kutoka Mombasa yaliyokusanywa na Sarah Mirza na Margaret Strobel. Swali ni lilelile: kinasa sauti kikiwa mkononi mwa mwingine, mwandishi ni nani?

Hatua ya saba: Nguzo Mama kwa jicho la mtunzi

Ikiwa imo kwenye orodha yenu, kidato cha tano na sita wataisoma hata hivyo, kwa hiyo iondoe kwenye ile njia ya fani na maudhui iliyokaririwa. Wahusika wanawake wa kijiji cha Patata wanaitwa kwa namba, Bi Moja, Bi Pili na kuendelea, na wanahangaika kuisimamisha nguzo inayowashinda. Uliza kwa nini mtunzi mwanamke aliwanyima majina wanawake wenzake. Uliza pia kwa nini nguzo haisimami, wakati tamthiliya nyingi za miaka ile zilipenda kumalizia kwa ushindi. Muulize Bi Msimulizi, yaani mchukue mwanafunzi asimame akijifanya yeye, na darasa limhoji. Muhando aliandika kwa ajili ya jukwaa, akichota kwenye utambaji na ngoma. Ukiisoma umekaa kimya darasani umepoteza nusu yake. Onyesho moja uwanjani, viti vikiwa duara, linatosha.

Hatua ya nane: Badilisha maswali ya moko

Huwezi kubadilisha mtihani wa taifa, lakini majaribio ya wiki na ya mwisho wa muhula ni yako. Usitunge swali la kukariri, kama "Taja waandishi wanawake watano". Tunga linalodai mfuatano na sababu: "Linganisha nafasi ya mtunzi katika utenzi wa Mwana Kupona na katika Nguzo Mama", "Kitabu cha mwaka 1975 kimepotea madukani. Eleza mambo yaliyosababisha." Na kwa lile swali letu la nafasi ya mwanamke, ongeza mstari mmoja: mwanafunzi aeleze anayechora picha hiyo ni nani na amesimama wapi. Mstari huo hautampunguzia alama kwenye mtihani wowote wa nje.

Wenzako kwenye idara wanaweza kusema unapoteza muda wa vitabu teule. Waonyeshe andalio la somo: kila kipindi kina lengo la muhtasari. Mzazi akiuliza kuhusu Mwana Kupona, mpe autazame mwenyewe; wazee wengi wa pwani wanaujua, na mmojawapo anaweza kukubali kuja kuughani darasani kwa mahadhi yake, jambo ambalo wewe na mimi hatuliwezi.

Hatua ya tisa: Faili linalobaki shuleni

Mwisho wa muhula kila kikundi cha wanafunzi watano kiandike ukurasa mmoja kuhusu mwandishi mmoja: majina yote aliyotumia, mwaka na mahali pa kuzaliwa kama vimechapishwa, kazi kwa mfuatano, mahali kitabu kilipo leo hapa Dar, na sentensi tatu za maoni kuhusu kazi moja waliyoisoma kwa macho yao. Taarifa isiyothibitishwa na chapa haiingii. Habari za ndoa, watoto na maradhi ya mwandishi aliye hai haziingii kabisa, hata kama shangazi wa mtu anamfahamu.

Kurasa zitobolewe, ziwekwe kwenye faili moja gumu lenye lebo, likae kwenye rafu ya vitabu vya Kiswahili pamoja na vingine. Darasa litakalofuata lianze na faili hilo, lisahihishe yaliyomo na kuongeza kurasa. Ukurasa wenye mambo mazuri kweli unaweza kupelekwa Wikipedia ya Kiswahili, ambako makala nyingi za waandishi ni fupi mno, lakini kwanza kila tarehe ihakikiwe na mwalimu kitabu kikiwa wazi mezani. Muda mzuri wa kufanya kazi hii ni wiki zile baada ya mtihani wa moko, kabla likizo haijaanza, wanafunzi wakiwa shuleni na hakuna anayejua wafanye nini.